Alivyopanda Uzito Rafiki Yangu

Klabu yetu haikuwa na mizani. Ilikuwa na mifuko miwili ya kupiga, mmoja wa ngozi na mwingine wa turubai uliojazwa vipande vya vitambaa kutoka kwa mafundi cherehani, jozi nne za glovu zilizonuka hata zikianikwa juani siku nzima, na ulingo uliozungushiwa kamba za kufungia mizigo ya malori. Ukumbi ulikuwa chini ya jengo la zamani huko Mchafukoge. Ghorofani ziliishi familia za Kihindi, na kulikuwa na bibi mmoja ambaye tukizidisha kelele aligonga sakafu kwa mchi. Tukisikia mchi, kocha aliinua mkono, nasi tukaacha mifuko tukahamia kwenye kuruka kamba.

Kwa hiyo kila Jumamosi asubuhi tulikwenda kupimwa dukani kwa mzee mmoja wa Kihindu, muuza dengu, choroko na viungo, mitaa miwili kutoka ukumbini. Mzee alikuwa na mizani ya magunia, ile ya kusimama sakafuni: bamba la chuma la kuwekea mzigo, nguzo upande mmoja, na juu ya nguzo mkono wenye namba na kichuma cha kusogeza. Alifungua duka mapema, akawasha udi mbele ya picha yake ya ibada, ndipo akatuita.

"Ingieni. Pimeni, tokeni. Wateja wangu hawataki dengu yenye jasho."

Kocha alikuwa fundi wa kuchomelea mageti kule mtaa wa Gerezani, bondia wa zamani mwenye sikio moja lililokunjamana kama dafu bovu. Siku ya kupima yeye ndiye aliyesogeza kichuma, hakuna mwingine aliyeruhusiwa. Ulivua nguo ukabaki na bukta, ukapanda kwenye bamba, na hukutakiwa kugusa nguzo wala kuiegemea, maana wajanja walikuwa wakiiegemea kidogo kwa kiwiko ili kupunguza kilo. Akiona mtu anabishana na namba alisema, "Mizani haina shemeji." Tulicheka kila mara, ingawa tulikuwa tumeshaisikia.

Mimi niliijua mizani ile kuliko wote. Niliacha shule darasa la sita. Hakuna aliyenifukuza wala sikukosa ada. Sikuweza kukaa kwenye dawati huku nje kuna kitu kinafanya kazi nami sijui kinafanyaje. Nikazunguka. Nilikaa kwa fundi redio, nikakaa gereji, nikakaa kwenye mashine ya kusagia barafu pale feri, kila mahali miezi michache, mpaka nikielewa kile kitu, halafu nikaondoka. Nilipofika miaka kumi na minane nilikuwa kuli, nabeba magunia kwenye maduka ya nafaka, na duka la mzee yule lilikuwa mojawapo.

Siku moja fundi alikuja kuitia mizani mafuta. Nilimwomba aniache nitazame. Alinyanyua bamba, akanionyesha chini yake: vyuma vinne vyenye makali, kila kimoja kwenye pembe yake, ndivyo vinavyobeba mzigo na kuupeleka kwenye nguzo. Viwili vya upande wa mlangoni vilikuwa vimelika. Fundi alisema havipatikani tena, mizani yenyewe ina umri mkubwa kuliko yeye. Alipoondoka nilifanya majaribio yangu. Gunia la kilo mia, nikiliweka katikati, lilisoma mia. Nikilisogeza ukingoni, upande wa mlango, liliongezeka karibu kilo moja na nusu. Nikilisukuma karibu na nguzo, lilipungua kiasi hichohicho. Mzee alikuwa analijua hilo kwa miaka. Ndiyo sababu kila tuliposhusha gunia alipiga kelele kutoka kwenye meza yake, "Katikati! Weka katikati!" Hakuwa mwizi. Alikuwa na mizani mbovu na alijua pa kuweka mzigo.

Lakini binadamu akipanda kwenye mizani, mzee hakusema katikati. Kwake hiyo haikuwa biashara.

Rafiki yangu alikuwa muuza viatu vya mtumba pembeni ya soko la Kariakoo. Alikuwa na ndoo, brashi ya meno, na dawa ya kung'arisha soli, na kiatu kilichofika kwake kama kimefukuliwa kaburini aliweza kukirudisha mpaka mwenye kukivaa akaenda nacho harusini. Mama yake aliuza chakula kwenye uchochoro nyuma ya meza yake: wali, maharage, samaki wa kukaanga, chapati. Wao walikuwa watu wa pwani wa siku nyingi, babu yake alizaliwa Kariakoo hiyohiyo. Mimi sikuwa na mama mjini, na yule mama aliniambia tangu wiki ya kwanza nilipojiunga na klabu nisimwamkie kama mgeni. Nikawa namwamkia, "Shikamoo mama," naye anaitikia, "Marahaba mwanangu, umekula?" Mwaka huo wa kwanza nilikuwa sijala kila aliponiuliza.

Rafiki yangu alipigana kilo sitini. Alikuwa na jebu, ile ngumi ya kunyoosha, ya mkono wa kushoto ambayo ukiiona inakuja basi imeshafika na kurudi. Mashindano ya mkoa ya mwaka uliotangulia alifika fainali akashindwa kwa pointi na kijana mmoja wa Temeke, na tangu siku hiyo alikuwa akimngoja yule kijana, uzito uleule, mwaka unaofuata. Alilizungumza jambo hilo kila siku. Akikwangua matope kwenye soli alikuwa akieleza namna atakavyomzungusha upande wa kulia.

Mimi nilikuwa kilo hamsini na saba. Lakini magunia hujenga mabega, na chakula cha yule mama pia hujenga, na mwaka ulipogeuka nikajikuta nimemfikia. Sote tukawa sitini na moja, sitini na moja na kitu, watu wa kujinyima wiki moja tuingie sitini. Na kanuni ya mashindano ilikuwa klabu moja, bondia mmoja kwa kila uzito.

Kocha alituweka chini sote wawili. "Sikilizeni. Nikiwapiganisha humu ndani ili nimpate mmoja, mtaumizana kabla ya mashindano, na mimi nitabaki na vilema wawili. Jumamosi mtapanda mizani. Mzito zaidi anapanda daraja, anaingia sitini na tatu na nusu. Mwepesi anabaki. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, kocha," nikasema.

Rafiki yangu akainua mkono. "Kocha, mimi nina mtu wangu pale sitini."

"Nani asiyejua? Mpaka paka wa sokoni wanajua. Basi usile sana hadi Jumamosi."

Nami nitasema ukweli kuhusu mimi, kwa kuwa ndiyo sababu naandika. Sikuwa na mtu wangu pale sitini. Nilikuwa na woga tu. Mwezi mmoja kabla ya hapo kocha alinipanga na jamaa wa kilo sitini na saba tufanye mazoezi mepesi, na ngumi moja nyepesi ya yule jamaa ilinifanya nisahau kwa muda niko mtaa gani. Kule juu sikutaka kwenda. Tena nilijua kwamba rafiki yangu ni bora kuliko mimi, na nikajiambia kwamba aliye bora ndiye anayeweza kwenda juu. Nililiona jambo hilo kuwa la haki kabisa nilipokuwa nalifikiria peke yangu.

Jumamosi ilifika. Mzee alishawasha udi. Rafiki yangu alipanda kwanza. Alikuwa mtu wa kutii, na kwa kuwa kocha alikataza kugusa nguzo, yeye alisimama mbali nayo kadiri alivyoweza, ukingoni kabisa, visigino karibu vining'inie upande wa mlango, mikono imeshuka kama askari. Ndivyo alivyosimama kila Jumamosi tangu nimfahamu. Sikumwambia asimame hapo. Sikuhitaji. Nilitazama vidole vya miguu yake kwenye lile bamba, nikajua kilo ngapi zinaongezeka, nikanyamaza.

Kocha alisogeza kichuma, akarudisha kidogo. "Sitini na mbili kasoro."

"Nimekunywa uji tu jana," akasema rafiki yangu.

"Mizani haina shemeji. Shuka."

Nikapanda mimi. Niliweka miguu karibu na nguzo, bila kuigusa. Kocha aliangalia mikono yangu, akaona iko wazi, akaridhika.

"Sitini na kidogo. Haya. Wewe baki."

Mzee wa duka alikuwa anapanga makopo ya bizari. Aligeuka akaitazama mizani, akanitazama mimi miguuni. Nilidhani atasema katikati. Akapangusa kopo, akaliweka juu ya jingine.

Nilitoka na rafiki yangu, tukafika kwenye kona ya mtaa wa vitenge. Kisha akanipiga begani. "Basi yule wa Temeke nakuachia wewe. Mzungushe kulia. Kushoto ana mtego."

"Nitamzungusha."

"Ukishindwa nitakupiga mimi."

Wiki tano zilizofuata alikula. Mama yake alifurahi kuliko mtu yeyote, kwa sababu alichukia ile desturi ya kijana mzima kulala na njaa mbele ya masufuria yake. Alimjazia sahani hadi wali ukamwagika pembeni. Uji wa karanga asubuhi, mihogo saa nne, maharage na chapati mchana. "Leo mnaniletea kocha wenu nimbusu," alituambia mbele ya wateja. "Kaniambia mwanangu ale." Mimi nilikaa benchi moja naye na kipande cha samaki na kachumbari, na mama akiniangalia alitikisa kichwa. "Wewe mwenzangu baki na mifupa yako."

Chakula kile hakikuwa kinamwingia vizuri. Alijaa tumbo na mapaja, mabega yakabaki yaleyale. Kwenye ulingo nilianza kuiona jebu yake inakuja. Kocha alisema ndiyo hali ya kupanda, mwili unajifunza, utazoea. Kila Jumamosi rafiki yangu alisimama ukingoni, na mizani ikamwambia kwamba anapanda vizuri, sitini na mbili na nusu, na wiki ya mwisho ikagusa sitini na tatu. Kila Jumamosi mimi nilisimama karibu na nguzo, nayo ikaniambia sitini kamili.

Hapa ndipo sijielewi mpaka leo. Nilijua namba ile ni ya uongo, uongo wenyewe niliutengeneza mimi, na bado niliiamini. Nilipoona sitini nilikwenda kunywa maji. Nilipoona sitini na robo niliruka kamba mpaka ikarudi sitini. Sikukaa hata siku moja nikajumlisha. Mtu niliyekuwa siwezi kuacha feni ya mezani bila kuifungua nione ndani, kichwa changu mwenyewe sikukifungua.

Kupima rasmi kulikuwa asubuhi ya siku ya kwanza ya mashindano, kwenye chumba kando ya ukumbi wa mashindano, mizani ndogo ya namba za umeme, bapa kama kitabu, haina pembe za kuchagua. Walianza na uzito mdogo. Nikapanda.

"Sitini na moja," akasema mpimaji. "Umezidi. Una saa moja."

Kocha aliniangalia kama ameona mtu mwingine. Hakukuwa na muda wa maneno. Walinivisha sweta mbili na nailoni ya kufungia magodoro, nikatolewa nje kwenye jua, nikaruka kamba. Rafiki yangu aliruka pamoja nami, mbele yangu, ili nifuate mwendo wake, ingawa yeye hakuwa na cha kupunguza. Nilitema mate kwenye kopo. Nilikaa kwenye jua nikiwa nimekunja magoti, nikaona ukuta unatembea. Saa ilipokwisha nikapanda. Sitini na nusu na kidogo. Mpimaji alikata jina langu kwa mstari mmoja.

"Umekula nini jana?" kocha akaniuliza. Alikuwa anaongea polepole, na hilo ndilo lilikuwa baya zaidi.

"Sijala."

"Nimekuuliza umekula nini?"

"Hajala, kocha," akasema rafiki yangu. "Jana kutwa nimekaa naye. Hata maji alikuwa anasukutua anatema. Naapa hajala."

Ikafika zamu yake. Akapanda, akasimama wima, mikono chini. Mpimaji akasoma, akasoma tena, akamwangalia.

"Sitini na mbili. Wewe mbona umekuja huku? Ungejinyima siku tatu ungeingia sitini."

Watu wawili watatu nyuma yetu walicheka. Kocha hakucheka. Alikuna lile sikio lake. Sitini, klabu yetu haikuwa na mtu. Sitini na tatu na nusu tulikuwa na mtu wa sitini aliyeshiba.

"Huyu imempunguzia, huyu imemwongezea," akasema, anajisemea. "Mizani gani inafanya hivyo?" Kisha akanigeukia mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyebeba magunia pale, na mimi ndiye ambaye klabu nzima ilinijua kwa kueleza vitu visivyoulizwa, kwa nini feni hugeuka, kwa nini barafu huelea. "Wewe unaijua ile mizani. Ina nini?"

Rafiki yangu naye alikuwa ananitazama. Hakuwa ananishuku, alikuwa anangoja jibu tu.

"Sijui," nikasema.

Siku hiyo alishinda pambano la kwanza. Mpinzani alikuwa mwanafunzi, mrefu mwoga, na jebu ikatosha. Nilikuwa kwenye kona, nimeshika chupa ya maji na taulo, kazi niliyopewa baada ya jina langu kukatwa. Mama yake alikuwa jukwaani na mwanamke jirani yake wa uchochoroni, wamejitanda khanga, na kila mwanawe alipopiga alisema, "Taratibu, taratibu," kama anayemwonya mtu anayebeba vyombo.

Siku ya pili alikutana na mtu wa bandarini. Watu walisema anafanya kazi ya kupanga makontena, na kwamba uzito wake wa kawaida ni sitini na nane, ila ameshuka kwa kujikausha. Alipovua fulana nilimwona: mikono mirefu, kifua kikavu, ngozi imegandana na misuli. Raundi ya kwanza rafiki yangu alimgusa mara nyingi. Alimgusa usoni, akamgusa tena, na yule mtu akaendelea kutembea mbele kana kwamba anapita kwenye mvua ya rasharasha. Rafiki yangu alipokaa kwenye kigoda mapumziko yalipofika alisema, "Hasikii."

"Mzungushe," kocha akasema.

"Namzungusha. Miguu mizito."

Raundi ya pili, karibu na kona yetu, hatua mbili kutoka nilipokuwa, mkono wa kulia wa yule mtu ulipita juu ya jebu ukamwingia kwenye jicho la kushoto. Sikusikia kishindo kikubwa. Rafiki yangu aligeuza kichwa kidogo kama mtu aliyeitwa na mtu wa nyuma yake. Refa akahesabu. Akafika saba, rafiki yangu akatikisa kichwa kwamba yuko sawa, akaendelea, na akamaliza raundi zote tatu akiwa amesimama. Alishindwa kwa pointi zote. Jukwaani walimpigia makofi. Mama yake alishuka, akamfunika mabega kwa khanga yake mbele za watu, na yeye hakuitoa.

Jicho lilivimba, likashuka uvimbe, tukadhani limekwisha. Wiki iliyofuata alisema anaona inzi.

"Uko Kariakoo, unataka uone njiwa?" nikamwambia.

"Hawa wako ndani ya jicho."

Mama akamkanda kwa kitambaa cha maji ya moto na chumvi. Mtu wa dawa za asili akaleta majani. Inzi wakaongezeka, zikaja cheche pembeni, kisha likaja pazia, alivyoeleza mwenyewe, pazia jeusi linaloshuka kutoka juu kila asubuhi likiwa limeshuka zaidi. Hatukujua kwamba kwa pazia lile kila siku ya kuchelewa ilihesabika. Tulipokwenda hospitali daktari alimulika, akauliza lini aliumia, akauliza tena kana kwamba hakusikia. Ngozi ya ndani ya jicho ilikuwa imebanduka. Walimfanyia upasuaji, wakasema wazi tangu mwanzo kwamba tumechelewa. Jicho lile halikurudi. Na mwenye jicho moja hapewi ruhusa ya kupanda ulingoni, hata wa ridhaa.

Mimi nikaondoka. Nilivuka kwa kivuko cha Magogoni nikaenda Kigamboni, nikafyatua matofali. Halafu nikaenda kusini msimu wa korosho. Halafu Mbeya, nikakaa na mtu anayetengeneza pampu za maji. Kila mahali nilijiambia ni ule udadisi wangu wa siku zote, na kweli pampu nilizielewa. Lakini nilikuwa siwezi kupita mbele ya duka lenye mizani ya magunia; nilivuka barabara.

Nilirudi baada ya karibu miaka miwili. Nilimkuta palepale, meza ileile ya viatu. Alikuwa anageuza kichwa chote ili aone upande wa kushoto, kama kuku. Aliniona, akaacha brashi.

"Oya, msafiri. Tulijua umekufa."

"Nipo."

"Umekonda. Mama ataniua."

Mama yake aliniitikia shikamoo yangu kwa kunishika uso kwa mikono yote miwili yenye harufu ya vitunguu. Nikawa nakaa pale kila siku, nikimsaidia kuchota maji, kuanika viatu. Na ndipo nikasikia namna mama alivyokuwa akiieleza habari ile kwa wateja wake. Mtu akiuliza kijana kapatwa na nini, alisema mwanangu alikuwa bondia. Alikuwa na nguvu mpaka uzito wake ukawa mdogo kwake, wakampandisha apigane na wakubwa, na hakuanguka. Alisimama mpaka mwisho. Alilisema hilo huku anageuza chapati, bila machozi, na watu waliokuwa wanakula walimgeukia kijana pale mezani wakamtazama kwa heshima.

Nilivumilia wiki mbili. Alasiri moja, yeye akiwa anasugua raba nyeupe, nilimwambia. Nilianza na fundi na vyuma vinne, kwa kuwa sikujua pengine pa kuanzia. Hakuacha kusugua.

"Mimi nilisimama wapi?" akauliza.

"Ukingoni. Upande wa mlango."

"Kwa sababu kocha alikataza nguzo."

"Ndiyo."

"Na wewe?"

"Karibu na nguzo."

Akaja mteja, kijana mwenye haraka. "Mambo? Namba arobaini na mbili nyeusi ipo?" Rafiki yangu akasimama, akatafuta, akampatia, akamwonyesha soli, akamfunga kamba. Mteja alipoondoka akakaa, akachukua raba yake.

"Ulijua kabla, au ulijua baadaye?"

"Kabla."

Hakuniuliza kitu kingine siku hiyo, wala kesho yake. Nilikuja, nikamsalimia, hakuitikia. Sikuondoka. Nilichota maji kama kawaida, kisha nikakaa kwenye kigoda upande wake wa kushoto. Niliwaambia watu nakaa hapo ili mikokoteni isimgonge upande asioona. Siku ya nne, bila kugeuza kichwa, akasema:

"Hamia huku. Huko sikuoni."

Nikachukua kigoda, nikazunguka meza, nikakaa kulia kwake. Alinitazama kwa muda mrefu, na jicho lile moja halikuwa na hasira niliyokuwa nimeingoja kwa miaka miwili. Lilikuwa limechoka tu.

"Mama usimwambie."

"Sitamwambia."

"Si kwa ajili yako."

"Najua."

"Anajua nilipanda kwa sababu nilikuwa na nguvu. Mwache na hilo."

Sikumwambia yule mama mpaka akafariki, na ndiyo maana naandika sasa na si zamani. Siku ile alitokea uchochoroni na sahani mbili, moja juu ya kiganja na nyingine kwenye mkunjo wa mkono, akasimama akituangalia.

"Leo mbona mmebadilisha viti?"

"Jua, mama," akasema rafiki yangu. "Lilikuwa linampiga."

"Ndiyo, mpe kivuli mwenzio." Akainama, akanipa mimi kwanza, kwa kuwa mimi ndiye niliyetoka safari na bado sijanenepa. Nikapokea kwa mikono miwili.